Rafiki yangu anachora viti vya plastiki, wameomba "muktadha". Sanaa iliyotandawaa ni picha au ni maelezo?

KaratasiTupu (mleta mada)

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hatutanuniana.

Kazi yangu ni kuwaandikia wasanii. Msanii akitaka nafasi ya kwenda kukaa miezi mitatu nchi nyingine akifanya kazi zake, au akitaka kuingia kwenye maonyesho makubwa, anatuma picha za kazi pamoja na maelezo: yeye ni nani, kazi yake inasema nini, na kwa nini sasa. Wengi mikono yao ina maneno kuliko kalamu zao, kwa hiyo wananiletea mimi. Mwaka wa tisa huu.

Nina rafiki mchoraji, anachora viti vya plastiki. Vile vyeupe vya kumiminwa kipande kimoja, vyenye mistari ya matundu mgongoni. Anachora kimoja kwa wakati, kikubwa kuliko kiti chenyewe, kwa rangi ya mafuta. Kivuli cha chini ya mguu mmoja anaweza kukaa nacho wiki nzima. Ukisogea karibu unagundua kwamba weupe ule si weupe: kuna kijivu, kuna unjano wa uzee, kuna bluu kidogo pale jua lilipopausha plastiki. Na ule mshono mwembamba wa kiwandani unaopita katikati ya kiti ameuchora kwa brashi yenye nywele labda sita. Kati ya kazi zote ninazoziandikia, hiyo ndiyo ningetundika kwangu.

Tukaomba nafasi mahali fulani, sitapataja. Niliandika ukweli: anachora viti kwa sababu anavipenda, na kwa sababu kila mtu amevikalia ila hakuna aliyevitazama. Jibu likaja la heshima tupu. Kazi imewagusa sana, ila je, tungeweza kuongeza kidogo "muktadha wa anakotoka"? Tukarudisha vilevile. Wakauliza tena. Mara ya tatu rafiki yangu akachoka, akaniambia niandike kwamba ni viti vya msibani, kila kiti ni cha marehemu mmoja. Uongo mtupu. Kiti cha kwanza alikichora kwa sababu kilikuwa mbele yake siku anasubiri kupigiwa simu.

Wakakubali ndani ya siku mbili.

Na kiti hicho, kwa wasiojua, sijui kama kuna kitu kilichotandawaa kukizidi. Mfaransa Henry Massonnet alitoa cha kwake cha namna hiyo 1972, mashine ikikitema kimoja kwa chini ya dakika mbili, na tangu hapo viwanda vya kila bara vimekuwa vikitoa ndugu zake. Makumbusho ya Vitra, Ujerumani, yalikifanyia maonyesho yake chenyewe 2017. Kiti hakina kwao. Ila anayekichora anaulizwa kwao ni wapi, na nina hakika mwenzake aliyezaliwa Berlin akichora kiti kilekile ataulizwa kuhusu mwanga.

Hoja yangu ni hii. Tukisema sanaa imetandawaa tunadhani picha zimeanza kufanana. Mimi nashinda kwenye mafaili ya wasanii wa kila upande, na picha hazifanani hata kidogo. Kinachofanana ni maelezo. "Kazi hii inahoji." "Inachunguza mipaka kati ya." "Mwili kama hifadhi ya kumbukumbu." Mwaka 2012 Alix Rule na David Levine walikusanya matangazo ya maonyesho ambayo e-flux, huduma ya kutangaza habari za sanaa, imekuwa ikiyasambaza kwa barua pepe tangu 1999, wakayapitisha kwenye programu ya kuchambua lugha. Walichokionyesha ni kwamba hicho ni Kiingereza cha pekee yake, kinachosikika kama Kifaransa kilichotafsiriwa na mtu mwenye haraka. Mimi nakiandika hicho Kiingereza, ndicho kinachonilisha. Na ninachokiona miaka hii ni vijana wanaoanza na maelezo kwanza, picha inafuata nyuma kama mkokoteni.

Nawasilisha. Nipigeni.

Pwaguzi77

Kwa hiyo umedanganya na bado ukalipwa. Mkuu unachaji bei gani, nina mdogo wangu anachonga.

KaratasiTupu

@Pwaguzi77 njoo pembeni tuongee. Ila asiniletee viti.

Fremu_Imepinda

Mleta mada umesema vizuri ila umeanzia katikati ya safari. Mlango ulifunguliwa hivyohivyo tangu mwanzo. Paris, 1989, Jean-Hubert Martin anaandaa maonyesho ya Magiciens de la terre, yaani Waganga wa Dunia, sehemu kituo cha sanaa cha Pompidou, sehemu ukumbi wa La Villette. Wasanii zaidi ya 100, kama nusu yao kutoka nje ya Ulaya na Marekani Kaskazini. Kwa wakati ule kilikuwa kishindo, lazima tumpe haki yake. Esther Mahlangu alitoka Afrika Kusini akaenda kupaka nakshi zake za Kindebele kwenye nyumba iliyosimamishwa kule kwenye maonyesho. Miaka miwili baadaye BMW wakampa gari alipake. Chéri Samba wa Kongo alikuwepo. Bruly Bouabré wa Ivory Coast alikuwepo.

Lakini tazama walivyochagua. Upande mmoja walichukua watu wa vyuo vya sanaa, wenye galari na majina. Upande wa pili walivutiwa zaidi na asiyekanyaga chuo, wa kijijini, wa mambo ya ibada. Mchoraji wa huko huko aliyesoma, anayeweza kubishana na Picasso kwa brashi, alionekana kama ameshaharibika. Jina la maonyesho lenyewe linasema: walikuwa wanatafuta waganga.

Kuna picha moja ya maonyesho yale iliyozunguka vitabuni. Chini, watu wa Yuendumu wa Australia wamechora mchoro wao ardhini. Juu yake ukutani, Mwingereza Richard Long amepaka duara kubwa la matope. Martin alitaka wawe sawa kwa sawa. Mimi kila nikiitazama naona mmoja juu, mwingine chini.

Kwa hiyo rafiki yako kuombwa msiba si ajabu. Ameombwa uganga wake.

NyotaYaKusini

Nyongeza ndogo. Paris kila mtu anaitaja kama ndiyo mwanzo. Havana, Kuba, ilianza bienale yake (maonyesho makubwa ya kila miaka miwili) 1984 kwa wasanii wa Amerika ya Kusini na Karibi, na 1986 ikawafungulia Afrika na Asia. Hakuna aliyemtafuta mganga pale. Walikuwa wanatafutana wao kwa wao.

Haya, endeleeni.

MbebaMakasha

Mimi si mtu wa nadharia. Nafungua makasha, natundika, nashusha, nafunga tena. Niseme ninachokijua.

Kasha la kazi ya sanaa likifika halifunguliwi siku hiyo. Linaachwa saa 24 lizoee joto na unyevu wa ukumbi. Mara nyingi kuna mtu kabisa amesafiri nalo, halali mpaka alione limeingia stoo. Tukifungua, tunapiga picha kila kona na kujaza ripoti ya hali: mkwaruzo huu ulikuwepo, alama hii ni mpya. Kuna mwaka tulipokea kasha kwa adabu zote hizo, na wiki ileile mwenye kazi akakosa viza. Barua ilisema hajatoa ushahidi wa kutosha kwamba atarudi kwao. Kazi yake ilikuwa na tarehe ya kurudi, bima ya kurudi na kasha la kurudi. Yeye ndiye hakuaminika.

Sasa kuhusu hoja ya mleta mada. Niliwahi kuwa kwenye timu ya kutundika kazi ya El Anatsui. Wengi mnamfahamu: Mghana aliyefanya kazi Nsukka, Nigeria, tangu miaka ya 70. Anachukua vizibo vya chupa za pombe, vinapondwa, vinakunjwa, vinafungwa kimoja kwa kingine kwa waya wa shaba, hadi vinakuwa kama nguo ya kufunika ukuta mzima. Bienale ya Venice, Italia, ilimpa tuzo yake kubwa, Simba wa Dhahabu, kwa kazi ya maisha 2015.

Kazi ile inakuja imekunjwa kwenye kasha kama shuka. Tukafungua, tukatafuta mchoro wa jinsi ya kutundika. Kazi nyingine zote karatasi inakuambia sentimita ngapi kutoka sakafuni. Hii, mzee amewaachia wanaotundika wapange mikunjo wenyewe! Tulisimama watu wanne tunatazamana. Mwenzetu mmoja akavuta kona moja juu, ikateremka yote kwa mkupuo, na vizibo vikagongana kwa sauti ya mvua inayoanza juu ya bati. Ncha za waya zinakamata glovu. Ukisogeza uso unasoma majina ya pombe kwenye vizibo, mengine yamebaki herufi mbili. Tulibishana mpaka jioni kwa sababu ya mkunjo mmoja wa kushoto. Mimi nilitaka ukae chini zaidi. Nilishinda.

Ikitoka pale inakwenda mji mwingine na inapata umbo lingine. Sijawahi kuiona kazi iliyozoea safari namna ile.

KaratasiTupu

@MbebaMakasha bandiko lako limenifurahisha kuliko la kwangu. Swali moja tu: maelezo ya ukutani pembeni yake uliyasoma? Yalisemaje?

MbebaMakasha

Hahaha. Yalisema kazi "inachunguza historia ya biashara kati ya mabara matatu na matumizi ya kupindukia". Nakumbuka kwa sababu niliyapanga sawa na pima maji mara mbili.

Ila si uongo, mkuu. Pombe kali za Ulaya zilikuwa bidhaa ya kubadilishana kwenye pwani ile, na biashara ya watumwa ilipita humohumo. Mzee mwenyewe ameshaisema habari hiyo. Tatizo ni kwamba nimewaona watu wakisoma yale maandishi dakika mbili, wakaitazama kazi sekunde kumi, wakaondoka wamemaliza.

DadaSindano

Nimekuwa nasoma kimya kimya, ila hapo kwenye kuulizwa kwenu wapi siwezi kunyamaza. Mimi ni fundi nguo.

Yinka Shonibare alizaliwa London 1962, akakulia Lagos, akarudi Uingereza kusoma sanaa. Akiwa mwanafunzi alikuwa anafanya kazi kuhusu mageuzi ya Urusi ya wakati ule. Mwalimu wake akamuuliza kwa nini hafanyi sanaa halisi ya Kiafrika. Kijana wa mjini, anatazama habari kama kila mtu, anaulizwa "halisi" yake iko wapi. Akaenda sokoni Brixton kununua vitenge, apeleke huo uhalisi. Ndipo akajifunza kwamba vile vitambaa asili yake ni batiki ya Java. Waholanzi waliigeuza kuwa ya mashine karne ya 19 na soko lake likashika Afrika Magharibi. Vlisco ya Helmond ipo tangu 1846 na bado inachapa. Shonibare akacheka, na tangu hapo anawavisha masanamu ya mabwana na mabibi wa Kiingereza wa zamani vitenge hivyo. 2010 aliweka mfano wa meli ya Nelson, yule kamanda wa majini wa Uingereza, ndani ya chupa kubwa pale Trafalgar Square, matanga 37, yote ya kitenge.

Nawaonyesha kitu ambacho fundi anakiona. Chukua wax ya kweli, yaani kitenge cha nta, itandaze, sogeza macho. Utaona mishipa myembamba ya rangi inakatiza ua kama nyufa za sahani kuukuu. Ile ni nta iliyovunjika na rangi ikapenya. Kwa fundi wa Java huo ulikuwa uchafu wa kazi. Wanunuzi wa Afrika Magharibi wakaupenda, kwa sababu hakuna yadi mbili zenye mishipa sawa, na kiwanda kikaendelea kuitoa makusudi. Sasa kuna nakala za kuchapwa tu, na nyingine zimechapwa hadi hiyo mishipa! Na pindo limeandikwa kwamba ni halisi.

Sasa niambieni hicho kitambaa ni cha nani. Mimi nakishona tu na sioni aibu yoyote.

Pwaguzi77

Dada hapo umemaliza. Nakala imechapwa nyufa.

Babu_Ubao

Nimestaafu kufundisha historia ya sanaa, nina muda. Ninyi mnazungumzia mtu mmoja mmoja kuulizwa kwao. Kuna mahali nchi nzima inaulizwa.

Bienale ya Venice ilianza 1895. Ubelgiji ilijenga banda lake la kuonyeshea sanaa 1907, wengine wakafuata, na leo pale bustanini kuna mabanda ya kudumu karibu 30, mengi ni ya nchi zilizokuwa na nguvu karne ya 20. Nchi iliyochelewa inapanga jumba au bohari mjini. Ni mpango wa kizamani sana: sanaa inahesabiwa kwa bendera, wakati wasanii wenyewe wanaishi nchi tatu.

Mwaka 2013 Kenya iliingia. Waliofungua mlango wa banda la Kenya wakakuta waratibu Waitalia, na wasanii walio wengi wametoka China. Wakenya walihesabika kwa vidole. 2015 orodha ikatoka ikiwa vilevile, na safari hii wasanii wa Nairobi walipiga kelele mpaka serikali ikajitenga na banda hilo. Michael Soi alichora mfululizo mzima wa picha kuhusu aibu ile. Nawaambia hizo picha za Soi ndizo zilizokuwa banda la kweli la Kenya mwaka huo, hazikuhitaji kuvuka bahari.

Lakini 2013 hiyohiyo, mji huohuo, Angola ilikuwa mara ya kwanza na ikatwaa Simba wa Dhahabu wa banda bora. Edson Chagas alikuwa amepiga picha vitu vilivyotupwa mitaani Luanda, akivisogeza mpaka kwenye ukuta unaovifaa. Picha zikachapwa kwa wingi kwenye karatasi kubwa, zikalundikwa sakafuni katika jumba la Palazzo Cini, katikati ya michoro ya kale ya Kiitalia. Mgeni anachukua anazozitaka anaondoka nazo. Na miongoni mwa vitu vyenyewe, mleta mada utafurahi, kuna viti.

Kwa hiyo mlango ni mmoja, mwaka ni mmoja. Mmoja aliacha wengine wajaze fomu kwa niaba yake. Mwingine alikuja na karatasi zake.

KaratasiTupu

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya viti sikuijua, naenda kumwambia mwenyewe sasa hivi.

Mpinzani_Rasmi

Nimesoma yote. Mnalia vizuri, ila mnalilia lugha inayowapa riziki. Niambieni njia nyingine. Kyureta, yaani mwandaaji wa maonyesho, ana maombi mengi mezani kutoka nchi ambazo hajafika. Atayasomaje bila lugha moja ya pamoja? Mabaharia walikuwa na lugha yao ya bandarini, mbovu, na mizigo ilifika. Hata Kiswahili hiki tunachobishania humu kilikomaa kwa kubebana na wageni, na hakuna anayekiita kibovu.

Pili, mnajifanya kama miaka thelathini iliyopita hakukubadilika kitu. Okwui Enwezor, mzaliwa wa Nigeria, alipokabidhiwa Documenta ya 11, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, alikuwa wa kwanza kutoka nje ya Ulaya kuiongoza. Hakungoja watu waende Kassel. Mwaka mzima kabla, mijadala ilifanyika Vienna na Berlin, New Delhi, kisiwa cha St. Lucia na Lagos, na maonyesho ya Kassel 2002 yakawa jukwaa la tano tu. Na hao walijadiliana kwa lugha ipi, ndugu zangu? Hiyohiyo ya KaratasiTupu.

Tatu, maneno mapya yanaingia. 2022 kundi la ruangrupa la Jakarta liliongoza Documenta ya 15 kwa neno la kwao, lumbung, ghala la mpunga la kijiji ambamo kila mtu anaweka na kila mtu anachota. Bajeti iligawanywa kwa makundi, nayo makundi yakaita makundi mengine. Dunia nzima ya sanaa ikawa inasema lumbung. Halafu mnaniambia lugha ni ya mabwana.

Fremu_Imepinda

@Mpinzani_Rasmi hiyo Documenta ya 15 umeisimulia nusu. Malizia.

Mpinzani_Rasmi

Namalizia, siogopi. Kundi jingine la Indonesia, Taring Padi, lilisimamisha bango kubwa walilolichora 2002 kuhusu udikteta wa Suharto na waliousaidia kutoka nje. Ndani ya bango, katikati ya mamia ya sura, kulikuwa na mbili za kudhalilisha Wayahudi. Bango lilikuwa limeshaonyeshwa kwingine na kupita. Kassel, nchi ya Ujerumani, siku chache baada ya ufunguzi likafunikwa kitambaa cheusi, kisha likashushwa. Taring Padi wakaomba radhi.

Na mimi hapo nasimama na walioumia. Sura zile hazikuwa na utetezi. Lakini someni vizuri: hilo bango lilikosa kitu gani? Lilikosa mtu wa kukaa nalo miezi sita kabla na kuuliza, hii sura ya nani, inasemaje pale inapokwenda. Yaani muktadha. Ule ule ambao mleta mada anaucheka.

KaratasiTupu

@Mpinzani_Rasmi hapo umenikamata, nakubali. Nimefikiria usiku kucha.

Ila kuna kuuliza na kuuliza. Kuuliza "hii sura ya nani" ni kuitazama picha mpaka chini kabisa. Rafiki yangu hakuna aliyemuuliza kuhusu mshono wa kiwandani, wala kwa nini mguu wa nyuma wa kushoto umefifia. Walimuuliza swali ambalo wangemuuliza hata kama angetuma picha ya ndizi. Wangelitazama lile bango kwa macho waliyotazamia viti, nalo lingepita. Lina watu wa nchi fulani wanaoteseka, basi, muktadha upo, weka tiki.

Dalali_Mstaafu

Nawasikia mnahangaika na kyureta, na mnunuzi je? Mimi nilikuwa sokoni, nitasema kifupi kisha nilale.

Februari 2020, London, mnada wa Phillips. Picha ya Amoako Boafo wa Ghana, mwanamke aliyevaa nguo ya kuogelea ya njano. Makadirio pauni 30,000 hadi 50,000. Ikauzwa 675,000. Baada ya hapo ilikuwa mvua. Kila galari inataka picha ya mtu mweusi ametulia, nyuma yake rangi moja iliyokolea. Vijana wenye mkono wa kuchora mandhari, wenye mkono wa kufinyanga, wote wakahamia nyuso. Mwaka wa tatu wanunuzi wakachoka, simu zikanyamaza, na nyuso zikabaki stoo zimeelekea ukutani. Boafo ana uwezo wake na atadumu. Ninaowasema ni waliomfuata.

Na faida ya mnada haiendi kwa mchoraji, inakwenda kwa aliyeipeleka picha mnadani. Ufaransa ilimpa msanii haki ya sehemu ya mauzo ya baadaye tangu 1920, Uingereza ikafuata 2006, na hata hapo mgao una kikomo. Marekani kwa ujumla hakuna. Na haki yenyewe inaangalia pasipoti: kama nchi yako haina sheria ya namna hiyo, hupati. Picha yako ni ya dunia, mgao wako ni wa kwenu.

Usiku mwema.

DadaSindano

Lo. Hilo la pasipoti sikulijua. @KaratasiTupu lakini rafiki yako aliendaje? Mbona umetuacha njiani?

MbebaMakasha

Nami nasubiri hilo. Viti viliishia wapi?

KaratasiTupu

Poleni, nilikuwa na tarehe za mwisho za watu watano. Siku hizi nusu yao wanakuja na rasimu iliyoandikwa na akili mnemba, na nawaambia kweli inaandika lugha ile vizuri kuniliko. Haichoki kuhoji mipaka.

Alikwenda, akakaa miezi mitatu, akarudi. Viti vilitundikwa vizuri, mwanga mzuri. Pembeni ya kila kiti, maelezo ya marehemu. Siku ya ufunguzi mama mmoja mtu mzima alisimama mbele ya kiti cha tatu akalia, akamshika mkono, akamwambia na yeye amefiwa. Rafiki yangu akasema asante mama, pole. Angefanya nini? Usiku ule alinipigia, hakuongea kwa muda mrefu, halafu akasema: "Yule mama alikuwa analia kweli."

Makumbusho moja ikanunua viwili. Mwezi uliopita wakamtumia nakala ya ukurasa wao wa kumbukumbu ahakiki tahajia ya jina lake. Jina liko sawa. Chini yake, kwenye maneno ya kutafutia, wameandika: kifo, ibada za mazishi, maombolezo, jamii. Neno kiti halimo. Nilimuuliza kama tuwaandikie warekebishe. Akasema akirekebisha itabidi amwandikie na yule mama, na anwani yake hana.

Viti ameacha. Sasa anachora ndoo. Ndoo ya bluu, imejaa maji hadi juu kabisa, ile hali ambayo ukiigusa tu inamwagika, na ameikamata. Amesimama nayo miezi miwili. Ameniomba niandike maelezo kwa ajili ya maombi mapya, na ameniapisha. Nimeandika: "Ndoo yenye maji. Rangi ya mafuta juu ya turubai."

Wamejibu leo asubuhi. Wanaipenda sana. Wanaomba aya mbili zaidi.

Pwaguzi77

Waambie ni ya msibani.

Babu_Ubao

Usiwajibu leo. Tupia kwanza picha ya ndoo hapa, tuitazame.